Gemu langu linachekwa kwa michoro yake. Nitie milioni 7 kwenye picha?

*"Shikamoo. Nina miaka 24, nipo Morogoro. Kwa miezi 14 nimekuwa nikitengeneza gemu la simu peke yangu, usiku baada ya kazi. Mchezaji ni bodaboda anayebeba trei za mayai kutoka banda la kuku hadi sokoni. Anakwepa mashimo, matuta na mbuzi, na mayai yakipasuka anakatwa pesa. Michoro nimechora mwenyewe, ya bapa tu, rangi sita. Nimewaonyesha wenzangu kwenye grupu la WhatsApp wakacheka, mmoja akasema linafanana na gemu za kitochi. Wanasema siku hizi bila picha za 3D na filamu ya kufungulia hakuna atakayeligusa. Dada yangu yupo tayari kunikopesha milioni 7 alizoweka za kumalizia nyumba. Kuna fundi wa 3D amesema kwa pesa hiyo atanitengenezea pikipiki, mji mzima na filamu ya dakika tatu. Je, ubora wa picha na sauti ndio unaofanya gemu liwe zuri? Au najifariji tu kwa kuwa sina pesa?"*

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikaona umefunga maswali mawili kwa kamba moja, ndiyo maana yanakukaba. La kwanza: gemu langu ni zuri? La pili: kuna mtu atakayelifungua? Wenzako wa WhatsApp walijibu la pili, wewe ukasikia wamejibu la kwanza. Wao hawakucheza. Umeandika mwenyewe kwamba "umewaonyesha". Mtu uliyemtumia picha ya pilau hawezi kukuambia kama chumvi imekolea.

Kwa hiyo nianze na jibu fupi la swali la kwanza. Hapana, gharama ya picha, muziki na filamu haifanyi gemu liwe zuri. Ila usishangilie bado. Kuna usemi tunaoupenda sana sisi tusio na pesa, kwamba "picha si kitu, mchezo ndio kila kitu". Nao si kweli. Nimeona magemu ya nyumbani mengi yakifa kwa sababu ya usemi huo kuliko kwa kukosa 3D.

Nikupeleke kwanza kwenye kibanda nilichokulia. Miaka ya 2006, 2007 hivi, mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha PS2 chenye televisheni mbili za kichogo. Moja iliwekwa FIFA, nyingine Pro Evolution Soccer, ambayo sote tuliiita Winning. FIFA ilikuwa imejaliwa kila kitu: nembo halisi, ligi halisi, majina halisi ya timu, vionjo vyote vya televisheni. Winning haikuwa na leseni za timu nyingi. Liverpool iliitwa Merseyside Red na Everton ikaitwa Merseyside Blue, kama timu za mashindano ya ndondo. Foleni ilikuwa kwenye Winning. Padi zake ndizo zilizokuwa zimeisha mpira, na fimbo ya kushoto imelegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Kwa nini? Wakati ule nisingeweza kukueleza, sasa naweza. Kwenye Winning mpira ulikuwa na maisha yake, haukugandishwa mguuni. Ukitoa pasi huku umempa mgongo unayempasia, pasi ilitoka mbovu, na papo hapo ulijua umekosea wewe. Hukuilaumu mashine. Ukarudia, ukajigeuza kwanza, pasi ikafika. Kule kujua "nimekosea hapa, safari hii nitaweza" ndiko kulikotufanya tutoe sarafu nyingine.

Nadhani umewahi kuketi kwenye bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, liwe limechongwa kwa mninga likatiwa nakshi pembeni, au limechimbwa mchangani na watoto wanaosubiri ng'ombe. Mchezo ni uleule. Mzee anayejua kucheza atakufunga kwenye mchanga vilevile atakavyokufunga kwenye mninga. Lakini chimba mashimo yawe mafupi, komwe ziwe zinamwagika kila anapozoa, uone kama mchezo haujaharibika. Mkono unakwama, hesabu inapotea, watu wanaanza kubishana. Kwa hiyo kwenye bao kuna ufundi wa aina mbili: kuna nakshi ya ukingoni, na kuna kina cha shimo. Vyote viwili ni kazi ya fundi, na vyote vinaonekana kama "ubora". Ila kimoja ukikiondoa mchezo unabaki, na kingine ukikiondoa huna mchezo.

Swali lako halisi, basi, ni hili: katika hizo milioni 7, ngapi zinachimba shimo na ngapi zinachora nakshi?

Sasa tuangalie gemu linavyofanya kazi mkononi mwa mtu. Mchezaji anaona kitu, anaamua, anagusa kioo, gemu linamjibu kwa picha na sauti, anajifunza kidogo, anagusa tena. Duara hilo linazunguka mara nyingi sana kwa dakika moja. Gemu zuri ni lile ambalo duara lake linazunguka bila kukwaruza, na kila mzunguko unamwachia mtu hamu ya mmoja zaidi. Basi. Hadithi, muziki na mandhari vinaingia humo, au vinabaki nje vikitazama.

Duara hili lina saa yake. Simu inayoonyesha fremu 60 kwa sekunde inabadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7 hivi. Ikishuka hadi fremu 30 ni milisekunde 33. Ukimpa simu yenye uwezo mdogo mji wa 3D wenye majengo, vivuli na mbuzi kumi, ikaangukia fremu 20, ni milisekunde 50, na hapo bado hujahesabu ucheleweshaji wa kioo chenyewe. Kwenye gemu la kufikiri, kama drafti, hakuna atakayehisi. Kwenye gemu lako, ambalo mtu anakwepa shimo kwa kulaza pikipiki, atahisi. Hatasema "fremu zimeshuka". Atasema "pikipiki nzito", na atalifuta. Picha uliyoinunua kwa pesa ya dada itakuwa imekula kina cha shimo.

Hata wenye pesa hulipa bei hii. Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 imeuza nakala zaidi ya milioni 60, na sijaona gemu lenye mwili wa binadamu na farasi uliochongwa kwa makini kuliko lile. Ukimchuna mnyama, unamwona mtu anapiga goti, anachana, anavuta ngozi, anaikunja, anaibeba. Mara ya kwanza unashika mdomo. Mara ya arobaini unatamani amalize. Ni malalamiko ya kawaida kwamba mhusika wake mzito kuitikia mkono, kwa sababu kila mwendo lazima uishe vizuri kabla mwingine haujaanza. Watengenezaji waliichagua bei hiyo wakijua, wakitaka ulimwengu mzito unaotembea taratibu, na mimi nawaunga mkono. Ila walichagua wakijua. Fundi wako atakapotengeneza pikipiki inayolala kwenye kona kwa uzuri wa sekunde nzima, wewe utakuwa umechagua bila kujua.

Upande wa pili kuna Celeste, nalo la 2018, la msichana anayepanda mlima, lenye vijipicha vya miraba ungedhani limetoka enzi za kaseti. Ukichelewa kuruka ukawa tayari umepita ukingo wa jabali, gemu linakupa sehemu ya kumi ya sekunde ambayo bado unaruhusiwa kuruka, ingawa chini ya miguu yako hamna kitu. Mchezaji haoni. Anachohisi ni kwamba gemu lina haki, kwamba vidole vyake vinasikilizwa. Huo nao ni ubora wa hali ya juu wa utengenezaji, ila hauonekani kwenye picha ya tangazo, na hakuna atakayekutumia ankara yake ya milioni 7.

Turudi kwenye yai lako, maana hapo ndipo nilipotaka kufika. Yai la kwanza linapopasuka, nini kinatokea? Katika kipande ulichonitumia, namba ya pesa kule juu inapungua kutoka 9,000 hadi 8,700. Hicho tu. Nilicheza dakika mbili nzima kabla sijajua kwamba nimepasua mayai manne. Jicho langu lilikuwa barabarani, namba ipo pembeni, na sikio halikuambiwa kitu. Wewe unayajua mayai yako kwa sababu umeyaandikia msimbo kwa miezi 14. Mimi nilikuwa naendesha pikipiki tupu.

Sasa fikiria hivi. Tairi la mbele linaingia shimoni. Gemu linasimama kwa fremu tatu au nne, kufumba na kufumbua. Trei inaruka juu, mayai yanagongana, *tak*, kisha moja linapasuka kwa ule mlio wake mkavu unaofuatiwa na ulaini. Ute wa njano unashuka kwenye ubavu wa trei na unabaki pale hadi sokoni, mama muuzaji aone. Yakipasuka matatu, nzi mmoja anaanza kukufuata. Sijataja 3D hata kidogo. Ni mchoro wako uleule wa bapa, rangi ya njano unayo tayari, sauti mbili na mtikisiko. Hapo mchezaji anaanza kuogopa mashimo, na akishaogopa shimo, ana sababu ya kucheza.

Hili ndilo wanalolikosa wanaosema "picha si kitu". Watu hulitaja sana Balatro, gemu la karata lililotoka Februari 2024, lililotengenezwa na mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk na kuuzwa nakala milioni 5 ndani ya mwaka wake wa kwanza, kama ushahidi kwamba urembo hauna maana. Mimi huwauliza kama wamelicheza. Kila karata inayumba kidogo ukiigusa. Pointi zinahesabiwa moja moja, mlio unapanda kila zinavyoongezeka, na mkono wako ukivuka kiwango kinachotakiwa, moto unawaka juu ya namba. Hicho ni kina cha shimo kilichochimbwa na mtu mvumilivu. Gemu hilo ni la bei nafuu kwa macho ya mtu anayetazama picha, lakini kwa anayelicheza limepigwa msasa kila pembe.

Je, kuna mahali nakshi yenyewe inageuka kuwa shimo? Ipo, na nisipokwambia nitakuwa nimekuhadaa. Mwaka 2017 kundi dogo la Ninja Theory kule Cambridge, Uingereza, watu kama 20, lilitoa Hellblade: Senua's Sacrifice. Mhusika wake anasikia sauti kichwani. Sauti hizo zilirekodiwa kwa namna ambayo ukivaa spika za masikioni unasikia mtu yupo nyuma ya bega la kulia, mwingine anakuzunguka. Wakati wa kupigana, sauti hizohizo hukuonya adui anapokujia kwa nyuma. Ondoa sauti ile na hakuna gemu. Walitumia nguvu zao mahali pamoja, wakabana kwingine: aliyeigiza Senua, Melina Juergens, alikuwa mhariri wa video wa studio hiyohiyo, na mwaka 2018 akapata tuzo ya BAFTA kwa uigizaji huo. Vivyo hivyo kwenye gemu la kurusha ndege, kuona uwanja wa ndege unaoufahamu ukiwa kama ulivyo ndiko kucheza kwenyewe. Na kwa sisi, Tales of Kenzera: Zau ya mwaka 2024 ilirekodiwa yote kwa sauti za Kiswahili, sambamba na Kiingereza. Kusikia mganga na mungu wa mauti wakizungumza lugha ya bibi yangu kulinifanyia kitu ambacho maandishi ya chini yasingefanya. Ile haikuwa nakshi kwangu. Gemu lako, je, lina kitu cha namna hiyo? Ninavyoliona, ni sauti: mayai, injini, na maneno ya watu wa barabarani. Mji wa 3D haumo.

Kuna gharama nyingine ambayo fundi wako hatakuandikia kwenye makadirio, na ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa ajili yako. Kitu kilichogharamiwa hakikatiki. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kundi la watu tisa tukitengeneza gemu la kutafuta hazina katika mji wa kale wa pwani. Tulitumia miezi mitano kuchonga milango. Kila nyumba mlango wa nakshi, misumari ya shaba, mnyororo wa mawimbi pembeni, kazi safi ya kumpiga picha mgeni. Tukaita watu wa kujaribu. Mama mmoja alisimama mbele ya mlango wa kwanza akaugusa. Haukufunguka. Akaenda wa pili. Wa saba. Milango iliyofunguka mji mzima ilikuwa mitatu, na yote ilifanana na mingine kwa uzuri. Baada ya dakika kumi na moja aliweka padi chini akasema, kwa adabu kabisa, "Wenyewe hawapo." Tulijua dawa: tufanye milango mingi iwe ya kawaida, ibaki mitatu ya nakshi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa kazi ya miezi mitano. Tukaweka mishale inayowaka juu ya milango inayofunguka, mji ukafanana na sheli ya mafuta usiku, na gemu lile halikutoka hadi leo.

Wakubwa wanalijua hili. Nintendo walipotengeneza Breath of the Wild, gemu la mfululizo wao wa Zelda lililotoka 2017, walijaribu kwanza mambo ya moto, upepo na miti kwenye gemu dogo la bapa linalofanana na Zelda ya mwaka 1986, na wakalionyesha hadharani mwaka huohuo wa 2017. Gemu lao lingine, Splatoon, lilianza kwa vipande vyeupe na vyeusi kama matofali ya tofu, ile jibini ya soya, vikirushiana wino. Wana pesa za kununua picha yoyote, na bado walicheza na matofali kwanza, kwa sababu tofali ukilitupa jioni hulali na huzuni.

Wewe umekaa miezi 14 na matofali yako. Wenzako wanaita hiyo aibu. Mimi naona bado una uhuru ambao ukisaini kwa fundi utautoa.

Na usijilinganishe na wale wa juu. Mwaka 2023, kwenye kesi ya Microsoft kule Marekani, hati za Sony ziliwekwa mahakamani zikiwa na sehemu za siri zilizofutwa kwa kalamu ya wino, na wino wenyewe haukufunika vizuri. Watu wakasoma kwamba gemu lao la The Last of Us Part II liligharimu kama dola milioni 220, na wafanyakazi kama 200. Hiyo milioni 7 yako ya shilingi haiwezi kukufikisha hata kwenye kivuli cha picha hizo. Itakupa nakala hafifu ya kitu ambacho mchezaji ameshakiona kizuri zaidi kwingine. Wala pesa hizo si kinga. Concord, gemu la mapigano ya mtandaoni la Sony ileile, ilitoka Agosti 23, 2024, ikiwa na filamu za katikati na wahusika waliochongwa kwa gharama, na Septemba 6 ikazimwa, watu wakarudishiwa pesa. Siku 14. Haikuwa na sura mbaya. Watu hawakuona sababu ya kuingia wakati tayari walikuwa na magemu ya aina ile, tena mengine ya bure.

Sasa swali la pili, la nani atafungua. Hapo wenzako wana hoja. Dukani kwenye simu mtu anaona kijipicha kimoja na picha tatu nne, anapitisha kidole. Akivutiwa anaangalia ukubwa wa faili na salio la bando. Picha ni mlango, na mlango wako kwa sasa, nisamehe, ni wa bati. Tatizo lake si ubapa. Ni kwamba vitu vyako havitoki mkono mmoja: pikipiki ina mstari mnene mweusi, mbuzi hana mstari, nyumba zina vivuli vinavyoangalia upande tofauti na vya miti. Jicho la mtu asiye mchoraji haliwezi kusema kasoro iko wapi, linasema tu "kama gemu la kitochi". Rangi sita ukizichagua kwa kusudi, ukawa na unene mmoja wa mstari na jua moja, watu walewale wataita "staili".

Kwa hiyo ningekuwa wewe, mkataba wa 3D nisingesaini. Sisemi hauna faida: trela ya 3D inaweza kumvuta mwekezaji asiyecheza magemu, na kama lengo lako ni kuajiriwa studio ya 3D, ni kitu cha kuonyesha. Lakini filamu ya dakika tatu mwanzoni mwa gemu la simu, mtu akiwa kwenye daladala, itarukwa. Na ukubwa wa faili utapanda hadi watu wenye simu zilizojaa picha za harusi wachague kati ya gemu lako na harusi.

Ningemwomba dada milioni moja na nusu, isizidi mbili, kwa awamu, tena baada ya hatua moja isiyo na gharama. Rekebisha yai kwanza. Kisha nenda kwenye kijiwe cha bodaboda na simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuazima, umpe mmoja wao, unyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Ukijikuta unasema "hapo unatakiwa…" ujue gemu limeshindwa kusema hilo lenyewe, andika. Wale jamaa watajua kwa sekunde tano kama pikipiki inalala kama pikipiki. Usiwaulize kama ni zuri, watakuambia zuri kwa sababu umewaamkia vizuri. Tazama anayemaliza kama anarudisha simu au anaanza tena bila kuambiwa. Fanya hivyo kwa watu kumi usiowajua. Wakirudia sita au saba, tafuta mchoraji wa bapa, mwezi mmoja, akupangie rangi na achore upya vitu vyote kwa mkono mmoja, na mtu wa sauti kwa wiki moja. Wakirudia wawili, bado hujafikia hatua ya mchoraji, na pesa ya dada ibaki benki.

Kuna mambo mawili ambayo barua haitoshi. Kabla ya kumlipa yeyote, mchoraji huyo au yule wa 3D, kaa na mwanasheria ana kwa ana, hata kwa saa moja, akuandikie nani mmiliki wa michoro, kwamba utakabidhiwa mafaili ya awali na si picha tupu, na kwamba malipo yanafuata kazi iliyokabidhiwa. Nimemwona kijana akifungiwa gemu lake mwenyewe kwa sababu hati ya kuchora ilikuwa meseji ya WhatsApp. COSOTA wanaweza kukueleza taratibu za hakimiliki kwa upande wa Tanzania. La pili ni mkopo wenyewe. Pesa ya kumalizia nyumba ina mabati na madirisha yanayoisubiri. Keti na dada, mpe simu acheze kabla hamjazungumza shilingi, na mwambie wazi kwamba magemu mengi hayarudishi gharama, hata yaliyo mazuri.

Sauti ya yai unaweza kuipata wikiendi hii. Nunua trei moja, mayai 30, funga madirisha, zima feni, jifunike blanketi na simu yako ili chumba kisitoe mwangwi. Pasua moja kwenye ukingo wa bakuli, moja kwenye sakafu, moja ndani ya trei juu ya mengine; hilo la mwisho nadhani ndilo litakalofaa. Rekodi kila moja mara nne au tano, kwa sababu sauti moja ikirudiwa sikio linaichoka haraka. Usimwage yaliyopasukia bakulini. Mkaangie dada chipsi mayai, ale huku anacheza.